Mrejesho: Programu kujisomea nyaraka za kodi
Niliuliza kama kuna faida kuiachia programu isome nyaraka za wateja na kujaza yenyewe ritani (fomu ya kodi ya mwaka), badala ya mimi kuchapa kila tarakimu. Nimeijaribu msimu mzima. Asanteni sana mlionijibu.

Kwa faili zilizotoka moja kwa moja kwenye mfumo wa mwajiri au benki, muda umepungua kweli. Kazi inabaki kulinganisha jumla tu. Zilizonitesa ni picha za simu. Karatasi moja ilikuwa na mkunjo katikati, programu ikasoma 3,180 kuwa 8,180, nami sikugundua mpaka nilipoweka ritani ya mwaka uliopita kando yake. Kuisaka tarakimu hiyo moja kulinichukua muda mrefu kuliko kuuchapa ukurasa wote.

Taarifa za hisa zenye mamia ya miamala, hapo kuchapa kwa mkono sirudi ng'o. Ila muwe macho na taarifa iliyosahihishwa: kwangu iliingia pamoja na ile ya awali, mapato yakahesabiwa mara mbili.

Siku hizi picha hafifu nazichapa mwenyewe, na wateja nawaomba faili halisi mapema.