Mrejesho: kunde zangu zilizokuwa zinamwaga maua

Jamani mimi ndo yule wa Malindi niliyeuliza mbona kunde na maharage yanamwaga maua na namwagilia kila siku. Kumbe shida ilikuwa hapohapo, nilikuwa nanyunyiza juujuu saa sita na jua lile, mchanga wetu huu ushakauka kabla ya alasiri, basi jani linafunga vitundu vyake lisipoteze maji, hewa ya kaboni nayo haiingii, chakula hakitengenezwi, ua linaanguka. Sasa naimwagilia mimea alfajiri, maji ya kufika mizizini, mara mbili tatu kwa wiki, na wakati wa maua siruki kabisaa. Kunde zangu, za aina ya K80, zimebeba hadi raha. Maharage bado yanasuasua, joto hili hayaliwezi hata uyape mto Sabaki mzima. Mama ashaanza kunizidi kuchuma, kila siku kunde za nazi.