Walimu wa udongo wa fedha, acheni kutukabidhi pete ambazo hazijaiva

Ndugu wanajamvi, salaam. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na ninawaomba wanaofundisha kutengeneza vito kwa udongo wa fedha, yaani chembe za fedha zilizokandwa kwa gundi ili zifinyangwe kisha zichomwe ziwe fedha ngumu, wausome hadi mwisho.

Nililipa ada kamili ya mafunzo, gharama ya udongo ikiwa juu yangu, ili nijifunze kutengeneza pete yenye nakshi ya jani. Nakshi tulifundishwa vizuri: jani la mpera linapakwa mafuta kidogo, linalazwa juu ya udongo kwa upande wenye mishipa iliyotokeza, kisha linagandamizwa taratibu. Kazi ilifanywa ovyo kwenye uchomaji. Mwalimu alielekeza moto wa gesi kwenye pete, gundi ikawaka na kutoa moshi, na mwali ulipozimika tu akafunga gesi na kututangazia kwamba hiyo sasa ni fedha.

Udongo huu, uliobuniwa na Mitsubishi Materials ya Japani mwanzoni mwa miaka ya 1990, ni chembe ndogo mno za fedha zilizochanganywa na gundi na maji. Gundi ikishaungua, chembe hizo zinakuwa zimegusana tu, na joto linaloendelea baada ya hapo ndilo linalozishikamanisha. Kwa moto wa gesi, pete ilipaswa kubaki na wekundu wa chungwa kwa dakika kadhaa. Na kwa kitu cha kuvaliwa kidoleni kila siku, tanuri la nyuzi 900 kwa saa 2 ndilo la kutegemewa, maana fedha haiyeyuki mpaka ifike karibu nyuzi 962.

Pete yangu ilikatika nilipokuwa nikiisugua kwa brashi ya nyaya. Ilipasuka ikifuata mshipa mkuu wa jani, pale nakshi ilipozama na bati kuwa jembamba, na ndani ilikuwa nyeupe, ikimomonyoka kama chaki. Nilipompelekea mwalimu vipande, alinijibu kwamba niligandamiza jani kwa nguvu mno. Jibu hilo silikubali hata kidogo, kwa sababu unene alitupimia mwenyewe, na nakshi, hata iwe na kina gani, haiachi unga ndani ya fedha iliyoiva.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wapo waliotoka kwenye mafunzo hayo na sasa wanawauzia watu pete za namna hiyo kwa bei ya fedha safi.

Nataka nirudishiwe ada na gharama ya udongo, na mwalimu asiye na tanuri alitaje hilo kwenye tangazo lake kabla hajapokea pesa ya mtu. Aliyepatwa na hasara kama yangu aweke hapa picha ya mahali pete yake ilipokatikia.