Mjadala: Je, mahakama ina haki ya kuita santhara ya Wajaini kujiua?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Naleta mada ambayo kwa wengi wetu inatoka mbali, ila ni nzito, kwa hiyo naomba tuichangie kwa utulivu.

Wajaini wa India, wafuasi wa dini ya kale ya huko, ambao sensa ya 2011 iliwahesabu kuwa kama milioni 4.45, wana kiapo cha mwisho wa maisha kinachoitwa santhara. Wa madhehebu ya Digambara hukiita sallekhana. Mtu aliyezeeka sana, au mwenye ugonjwa usio na tiba, anamwomba ruhusa kiongozi wake wa dini, anaomba radhi kwa wote aliowakosea na kuwasamehe waliomkosea, kisha anaacha chakula kidogo kidogo: kwanza vyakula vigumu, baadaye maziwa, baadaye anabaki na maji ya moto tu, na mwishowe hata maji anayaacha.

Mwaka 2006 wakili mmoja wa Jaipur, Nikhil Soni, alipeleka shauri mahakamani akidai kwamba huku ni kujiua na kwamba wazee wanashinikizwa. Tarehe 10 Agosti 2015 Mahakama Kuu ya jimbo lake la Rajasthan ikakubaliana naye. Ikasema haikuonyeshwa kwamba vitabu vya Wajaini vinaifanya santhara kuwa nguzo ya lazima ya dini, ikaamuru ishughulikiwe kama kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 309 (kujaribu kujiua) na cha 306 (kumsaidia mtu kujiua). Tarehe 24 Wajaini wakaingia barabarani kwa maandamano ya kimya katika miji mingi. Tarehe 31 Mahakama ya Juu ikasimamisha hukumu ile. Kusimamisha si kuamua, kwa hiyo swali likabaki pale pale.

Msimamo wangu nautanguliza: mahakama ilikosea. Iliwauliza Wajaini kama vitabu vyao vinalazimisha, wakati cha kuuliza kilikuwa vitabu hivyo vinaweka masharti gani. Na masharti hayo yakisomwa sawasawa, yanawabana Wajaini wenyewe kuliko hakimu yeyote.

Chukueni Tattvartha Sutra ya Umasvati, mwanazuoni wao wa kale. Hiki ni kitabu cha pekee kwa sababu madhehebu makuu mawili, Digambara na Shvetambara, yote yanakikubali, ilhali kwenye maandiko mengine hawapatani: yale yaliyoandikwa katika mji wa Valabhi karne ya 5 Shvetambara wanayashika, Digambara wanasema mafundisho ya asili yalikwisha kupotea. Sura ya saba inazungumzia viapo. Kila kiapo kinatajiwa makosa matano yanayokiharibu, na cha sallekhana pia kina matano yake: kutamani kuendelea kuishi, kutamani kufa, kung'ang'ania marafiki, kukumbuka starehe zilizopita, na kutarajia malipo katika maisha yajayo.

Rudieni la pili hapo. Kutamani kufa ni kosa. Anayeingia kwenye mfungo huu kwa sababu amechoka na dunia, au deni limemzidi, au mkamwana amemchosha kwa maneno, amekiharibu kiapo siku ileile ya kwanza. Amritachandra, mwanazuoni mwingine wa Kijaini, aliandika wazi kwamba anayejitoa uhai kwa moto, maji, sumu au silaha akiwa ametawaliwa na hisia kali kama hasira au tamaa, huyo ndiye mwenye kujiua. Yaani hawa watu waliitenga santhara na kujiua karne nyingi kabla Waingereza hawajaleta Kanuni ya Adhabu ya 1860.

Naye Samantabhadra, mtawa na mwanazuoni wa Digambara, katika kitabu chake cha miiko ya waumini wa kawaida, alitaja hali nne tu zinazoruhusu kiapo hiki: balaa, njaa kuu, uzee na ugonjwa, na zote ziwe zimeshindikana kabisa kuepukika. Pujyapada, mfafanuzi wa kitabu cha Umasvati, akaeleza kwa mfano wa mfanyabiashara mwenye ghala lililojaa mali. Mfanyabiashara hapendi ghala lake liungue. Moto ukija atauzima kwa nguvu zake zote. Akiona ghala haliokoleki tena, ataokoa mali iliyomo. Mwili ndio ghala, mali ni viapo na utulivu wa roho. Angalieni mpangilio wake: kuzima moto kunakuja kwanza. Kutibiwa kunakuja kwanza.

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umeandika vizuri ila nakupinga kwenye mahakama. Mimi ni mtu wa sheria. Majaji hawakujitungia swali lile. Tangu shauri la Shirur Mutt la 1954, mahakama za India zinalinda yale ambayo ni ya msingi katika dini, na nani atathibitisha ni ya msingi kama si anayedai? Walipewa vitabu, wakavisoma, wakaona santhara inasifiwa lakini hailazimishwi. Wangefanyaje? Na mwaka 1996, katika shauri la Gian Kaur, Mahakama ya Juu ilikwisha kusema haki ya kuishi haibebi haki ya kufa.

Jambo la pili, sheria imebadilika na hujalitaja. Tangu 1 Julai 2024 India inatumia kanuni mpya ya adhabu, Bharatiya Nyaya Sanhita, na kosa la kujaribu kujiua halimo tena kwa namna lilivyokuwa. Kosa la kumsaidia mtu kujiua limebaki. Maana yake mfungaji mwenyewe leo hana kesi, mwenye hatari ni mwanawe na kiongozi wa dini aliyempa kiapo. Kwetu Kenya pia upepo ni huohuo: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kumwadhibu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Wajaini wako Nairobi na Mombasa miaka mingi, kwa hiyo swali hili linaweza kufika hata kwetu.

Unazungumzia tamaa ya kufa. Sawa. Polisi ataipimaje tamaa? Ndani ya chumba kuna mzee, watoto wake na mtawa. Nani atatoa ushahidi kuhusu kilichomo moyoni mwa mzee?

Mchangiaji wa pili

Ndugu zangu, kwa imani yangu uhai ni amana ya Mwenyezi Mungu na mwenye amana ndiye anayeichukua. Ukiacha kula mpaka ufe umejiua, hata ukiimba nyimbo za dini. Siwachukii Wajaini, ila ukweli lazima usemwe.

Mleta mada

Nakuheshimu ndugu yangu, na imani yako ndiyo ya jirani zangu wengi. Ila hoja ya amana inahitaji mwenye amana, na Wajaini hawana Mungu muumba katika mafundisho yao. Kwao kila roho ni ya milele, na kinachoifunga ni karma, ambayo wanaieleza kama chembe nyembamba mno zinazoigandamia roho kwa matendo na tamaa. Maisha yao yote ni kazi ya kuzuia chembe mpya na kuzipukuta za zamani. Mtawa anayefagia njia asikanyage mdudu na mzee anayeacha kula wanatii fundisho lilelile la kutodhuru. Unaweza kulikataa fundisho zima, hiyo ni haki yako, lakini serikali isiyo na dini haiwezi kumhukumu Mjaini kwa hoja inayomtegemea Mungu asiyemwamini.

Na India ya kale haikuwa na kauli moja juu ya jambo hili. Manusmriti, kitabu cha sheria za Wahindu, sura ya sita, inamruhusu mzee aliyehamia msituni atembee kuelekea kaskazini mashariki akiishi kwa maji na hewa mpaka mwili uishe. Lakini Bhagavad Gita, andiko jingine la Wahindu, inasema yoga si ya mlafi wala si ya asiyekula kabisa. Buddha alijinyima chakula karibu ya kufa, akaiacha njia hiyo, na maandiko ya Wabuddha yanamwonyesha akibishana na watawa wa Kijaini juu ya kujitesa. Kwa hiyo ubishi wako una wazee wake hukohuko.

Mwanasheria, kwenye msingi wa dini nakataa kabisa. Jambo linaloruhusiwa kwa wachache waliofika mwisho haliwezi kuwa lazima kwa wote. Ukiuliza kama ni lazima, jibu litakuwa hapana kila siku, na Wajaini watashindwa kila siku hata kama kiapo chenyewe ndicho kilele cha dini yao. Swali lako la chumbani ndilo lenye nguvu. Nitalirudia.

Mchangiaji wa tatu

Mimi ni muuguzi, nimekaa wodi za wagonjwa wasiotibika. Watu wasichojua ni kwamba mgonjwa aliye ukingoni mara nyingi huacha kutaka chakula mwenyewe. Mwili unakataa. Familia ndiyo inayolazimisha kijiko, na mgonjwa anateseka. Kwa hiyo mzee wa miaka tisini mwenye saratani akisema sitaki tena, mimi simwiti mwenye kujiua.

Lakini kaka mleta mada, vitabu vinamzungumzia mtu mwenye akili timamu. Mtu asiyekula wala kunywa siku kadhaa anachanganyikiwa. Siku ya tatu akinong'ona "maji", na pembeni kuna ndugu wamekusanyika, wageni wanakuja kumpa heshima, mtaa mzima umeshajua, nani atampa? Na yule mtoto wa mji wa Indore, India, wa 2025, miaka mitatu, ana uvimbe kwenye ubongo, wazazi wakampitisha kwenye santhara, kisha kikatolewa cheti cha rekodi kwamba ndiye mdogo kuliko wote duniani kupita santhara. Hapo vitabu vyako vinasemaje?

Mleta mada

Dada, umegusa penyewe.

Kuhusu mtoto, kwa kipimo cha Umasvati ile haikuwa santhara. Makosa matano yote ni ya moyoni. Kiapo kinachoharibika kwa tamaa ya ndani kinahitaji mtu anayeweza kuitambua tamaa yake na kuishinda. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kuapa. Mzazi hawezi kumwapia, kama asivyoweza kutubu kwa niaba yake. Nawahurumia wazazi wale, mtoto alikuwa anakufa na walishika walichokuwa nacho. Ila waliopaswa kusema hapana ni viongozi wao, na cheti cha rekodi kinaniumiza zaidi, kwa sababu sifa na malipo ndiyo hasa maandiko yaliyoyakataza.

Kusema hapana kuna mfano wake wa kale. Mapokeo ya Wajaini yanasimulia kwamba Samantabhadra huyuhuyu aliugua ugonjwa wa njaa isiyokwisha, akamwomba mwalimu wake ruhusa ya sallekhana. Mwalimu akakataa: maisha yako bado. Akapona, akaandika vitabu tunavyovijadili hapa. Ruhusa isiyoweza kukataliwa si ruhusa.

Kuhusu maji ya siku ya tatu: apewe. Papo hapo, na yeyote aliye karibu. Akiyataka na kuyakosa kwa sababu ndugu wanaona aibu, wao ndio wanaomfungisha, na hapo ndipo kosa la jinai linapoanza. Mwanasheria, hilo polisi haihitaji kusoma moyo kulipima. Inahitaji kujua aliomba nini na alijibiwa nini.

Njia ipo tayari ndani ya India. Mwaka 2018, katika shauri la Common Cause, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kuandika mapema kuwa hataki kurefushiwa uhai kwa mashine, na 2023 ikarahisisha utaratibu: mashahidi wawili, na hati ithibitishwe na mthibitishaji wa hati au afisa wa serikali. Santhara ipitie mlango huohuo. Mtu mzima tu. Daktari aseme ugonjwa umeshindikana. Shahidi mmoja awe nje ya familia, amuulize mgonjwa akiwa peke yake, na arudi kumuuliza tena mfungo ukiwa umeanza. Na maji yawe ndani ya chumba, mgonjwa anapoweza kuyaona, muda wote.

Wajaini wenye msimamo wataona dola imeingia chumba cha kuabudia. Ningependa kusikia kutoka kwao: ni sharti lipi kati ya haya ambalo Samantabhadra angelikataa?