Kunguru weusi wanamaliza vifaranga na kuchafua tangi la maji

MamaBanda (Kigamboni)

Habari za jioni wakuu. Nina kiwanja cha mita 20 kwa 25, mwembe mmoja mkubwa uani, na mitetea 9 ya kienyeji. Vifaranga 31 walianguliwa wiki tatu zilizopita, leo wamebaki 12. Kunguru wanaingia alfajiri na tena kuanzia saa kumi jioni. Juu ya mwembe kuna viota viwili, na anayepita chini yake anadonolewa kichwa. Bati wanalichafua, na maji ya bati hilo ndiyo yanayojaza simtank ya lita 2,000 tunayopikia. Nimening'iniza CD na nimesimamisha sanamu ya mtu, ila siku ya nne walikuwa wametua juu ya sanamu yenyewe. Jirani anashauri niweke sumu kwenye nyama. Naomba utaratibu unaofanya kazi, na vipimo kama inawezekana.

BandaBora

Pole sana dada. Kwanza hakikisha mwizi ni nani. Mwewe hupiga mbizi mara moja, huchukua kifaranga kwa kucha na kuondoka naye hewani. Kunguru hutua chini, hutembea, huchukua kwa mdomo, na mara nyingi huja wawili: mmoja anamchokoza mama kuku ili amfukuze, mwingine anabeba. Kwa hiyo mtetea mkali hatoshi. Ukali wake ndio wanaoutumia.

Sanamu na CD zina kikomo cha siku chache kwa sababu ndege huyu anajifunza. Kitu kisichosogea na kisichomuumiza anakizoea. Tegemea kizuizi.

Jenga uzio wa vifaranga wa mita 4 kwa 3, kimo mita 1.8 ili uweze kuingia bila kuinama. Nguzo sita za mirunda zinatosha, zichimbiwe sentimita 50. Pembeni tumia wavu wa kuku wa inchi 1, lakini sentimita 45 za chini ongeza wavu wa nusu inchi. Hapa ndipo wengi wanapokosea: tundu la inchi 1 linamzuia kunguru asiingie, ila mdomo wake unapita, na kifaranga aliyelala ameegemea wavu anadonolewa akiwa ndani. Ukingo wa chini uzikwe sentimita 15, maana vicheche nao wapo.

Juu funika kwa wavu wa uvuvi wa nyuzi nene zilizosokotwa, tundu lisizidi inchi 2. Usitumie ule wa uzi mwembamba unaong'aa. Hauonekani, ndege wananasa shingo na mabawa, hata wale wasio na hatia. Kwa eneo la 4 kwa 3 kata wavu wa 5 kwa 4, ili kila upande ubaki nusu mita ya kukunja na kufunga. Chini yake pitisha waya mbili za kufungia nondo, umezivuta zikakaza, zishikilie wavu katikati. Wavu ukilegea na kubonyea, kunguru hutua juu yake, ukashuka kwa uzito wao hadi karibu na vifaranga.

Vifaranga wakae humo na mama yao mpaka wiki 8. Chakula na maji viwe ndani ya banda lenye paa, visiwe chini ya wavu ulio wazi, kwa sababu pumba inayoonekana kutoka juu ndiyo inayowaita. Na kwa kuwa kunguru anatembea kutoka jalala hadi jalala, usiache chanjo ya kideri: ile ya I-2, tone moja jichoni, irudiwe kila miezi 3.

Mpwani_Kisauni

Naongezea kuhusu chakula, kwa sababu hapo ndipo ndege hawa wanaposhikiliwa. Huyu ni kunguru wa India, hajui kuishi mbali na watu. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ale taka za mji, na kufikia 1947 alikuwa ameshaonekana Mombasa. Popote penye matumbo ya samaki, ukoko wa wali na nepi zilizotupwa wazi, atakuwepo hata ukiua mia.

Matumbo ya samaki na utumbo wa kuku usivitie kwenye pipa. Vichimbie shimo na uvifunike kwa udongo usiopungua sentimita 20, siku ileile. Pipa la taka liwe na kifuniko kilichofungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, maana jiwe juu ya kifuniko wanalisukuma. Mfuko wa plastiki ulioning'inizwa getini kungoja gari la taka ni sawa na sahani. Utoe asubuhi gari linapopita, usiutoe jana yake jioni. Bakuli la paka au mbwa liondolewe baada ya dakika 20. Bomba linalovuja nalo lizibwe, wanahitaji maji ya kunywa na kuoga kila siku.

Ongea na nyumba tatu au nne zinazokuzunguka. Ukifunga taka peke yako watahamia kwa jirani kula na kurudi kwako kulala.

Kuhusu sumu, tafadhali usithubutu. Dawa za panya na za mashambani hazichagui. Kunguru aliyekula hafi papo hapo, anaruka akafie kwenye uwanja wa mwenzio au ndani ya tangi la maji. Mzoga unaliwa na paka, mbwa, bundi na kuku wako mwenyewe, na kipande cha nyama akikidondosha njiani mtoto anaweza kukiokota. Serikali ya Kenya ilipotangaza mwaka 2024 kwamba inataka kupunguza kunguru milioni moja, dawa iliyoruhusiwa ilikuwa Starlicide, ambayo huvunjika haraka mwilini mwa ndege hivyo hatari kwa mla mzoga ni ndogo. Hiyo nayo huwekwa na watu waliofunzwa, baada ya kuwazoesha kunguru nyama isiyo na dawa kwa siku kadhaa. Haifai kununuliwa na kuwekwa na mtu nyumbani kwake.

MamaBanda (Kigamboni)

Asanteni sana. Uzio nimeuelewa, kesho natafuta mirunda. Viota je? Kijana wa jirani yuko tayari kupanda kuvibomoa leo.

UngujaMjini

Dada yangu, mzuie kwanza. Kiota kikibomolewa kikiwa kitupu, wanajenga kingine kwa siku chache, pengine tawi la pili tu. Muda ndio kila kitu.

Kunguru huyu hutaga mayai 3 hadi 5, ya rangi ya buluu na kijani yenye madoa ya kahawia, na huyalalia siku 16 au 17. Makinda hukaa kiotani kama wiki nne. Ukiona wanabeba vijiti na vipande vya waya, wanajenga. Ukimwona mmoja ametulia kiotani muda mrefu na mwenzake anamletea chakula, mayai yapo. Ukisikia kelele za kuomba chakula, makinda wameshatoka mayaini. Kwako wanadona watu vichwa, kwa hiyo yawezekana makinda wapo au wanakaribia kuruka. Hasira hiyo hupungua yenyewe makinda wakishajua kuruka vizuri, siku 10 hivi. Kwa sasa apitaye chini ya mwembe ashike mwavuli uliofunguliwa.

Kama ni mayai, njia nzuri kuliko kubomoa ni kuyapaka mafuta ya kupikia. Chovya kitambaa, paka yai lote pande zote, lirudishe mahali pake. Mafuta yanaziba vinyweleo vya ganda, hewa haipiti, kijusi hakikui, na jike anaendelea kulalia yai lisiloanguliwa akipoteza wiki zake. Ukiyatoa anataga upya mara moja. Fanya hivi siku 5 za kwanza baada ya kutagwa, usichelewe. Jike akishayaacha, hapo ndipo uangushe kiota na kukusanya waya zote chini, kwa sababu wasipozipata watahangaika zaidi kutafuta za kujengea upya.

Anayepanda avae kofia ngumu, miwani, mikono mirefu na glavu, na awepo mtu wa pili chini. Watamshambulia, na mtu huanguka kwa kushtuka kabla hata hajadonolewa. Kiota kilicho juu ya nguzo ya umeme kisiguswe kabisa, waya zilizofumwa humo zinaweza kuwa zimegusa laini. Ita shirika la umeme. Baadaye pogoa matawi ya katikati ya mwembe ili mwanga upenye. Wanapenda panda zilizojificha, zenye matawi matatu au manne yanayokutana.

Jambo moja linalonisumbua kila nikiona watu wanarusha mawe: kuna kunguru wetu wa asili, mkubwa zaidi, mwenye kifua na kola nyeupe. Huyo si mgeni, na tayari anasukumwa na hawa. Mgeni ana shingo na kifua cha kijivu, mwembamba, na sauti kavu. Muachie mwenye kifua cheupe.

FundiMtego

Mkishafunga chakula, mtego wa kizimba unasaidia, lakini wa mtaa mzima. Wa nyumba moja unakupa kazi bila matokeo. Kabla ya yote mwende kwa afisa wanyamapori wa halmashauri mpate ruhusa na maelekezo ya kuwaua bila mateso.

Umbo: mita 2 kwa 2, kuta mita 1.8, papi za inchi 2 kwa 2, wavu wa inchi 1, mlango wa kuingia mtu. Paa literemke kutoka pande mbili kuelekea katikati, kama herufi V, na katikati iliposhuka laza ngazi ya mbao yenye nafasi za sentimita 15 kati ya kidato na kidato. Kunguru anatua kwenye ngazi, anakunja mabawa na kujidondosha. Kutoka hawezi, kwa sababu akiruka lazima afungue mabawa, nayo yana upana wa karibu sentimita 80. Paa lazima liwe na V kwa sababu ndege aliyenaswa hukimbilia juu, na kona za juu ziko mbali na ngazi. Wanaoweka paa bapa huwaona kunguru wakiruka na kushika kidato kwa miguu.

Siku 5 za mwanzo mlango uwe wazi na chambo ndani: matumbo ya samaki, mayai yaliyovunjwa. Wakishazoea, funga. Walionaswa kwanza usiwatoe wote, acha 3 au 4 wawavute wengine, uwawekee maji, chakula, kivuli na kijiti cha kukalia. Kagua asubuhi na jioni, mwewe au kunguru wa asili aliyeingia aachiwe hapo hapo. Kazi ya kuwaua ifanyike usiku, mbali na macho ya wengine. Wakishuhudia mchana, mtego huo hawaukaribii tena.

MajiSalama

Suala la tangi halijaguswa bado. Paa la bati la mita 60 za mraba hupokea lita 60 kwa kila milimita 1 ya mvua, na hiyo milimita ya kwanza ndiyo inayobeba kinyesi. Ipoteze. Kabla maji hayajaingia tanki, weka tawi la bomba la inchi 4 linaloteremka wima. Mita 1 ya bomba hilo inahifadhi karibu lita 8, kwa hiyo mita 4 ni lita 32, nusu ya unachotaka. Ukipata nafasi weka mawili. Chini funga kizibo cha kufunguka, kitoboe tundu la milimita 3 limwage pole pole, ili bomba liwe tupu mvua inayofuata. Likiziba kwa majani, halifanyi kazi, kwa hiyo fungua kizibo kila wiki.

Kifuniko cha simtank kifungwe kwa waya, na bomba la kufurika lifunikwe kwa wavu wa mbu. Tanki lililokwisha kuchafuliwa lioshwe, kisha maji yatiwe klorini: mililita 140 za dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe (bleach, si sabuni), isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 3.5, kwa kila lita 1,000. Koroga, subiri dakika 30. Bado ya kunywa yachemshwe.

MamaBanda (Kigamboni)

Nashukuru sana. Bomba la inchi 4 nina vipande viwili vya mita 3 vilivyobaki kwenye ujenzi, vyote vinatumika?

MajiSalama

Ndiyo, mita 6 ni karibu lita 47. Viunge kwa gundi ya PVC, na mshikio ukutani kila mita 1 kwa sababu kikijaa kila kimoja kitazidi kilo 23.