Stesheneri: UPS kwa kila kompyuta, au inveta moja na betri kubwa?

MamaPrinti_Moro
Wakuu, habari za asubuhi. Nina stesheneri hapa Morogoro: kompyuta mbili za mezani, printa ya leza, mashine ya fotokopi na ruta. Umeme haukatiki kama enzi za mgao, ila jioni unashuka hadi taa zinafifia, na ukizimika mteja anabaki kasimama, barua yake imeishia katikati. Nimependekezewa njia tatu: UPS (kile kisanduku chenye betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukizimika) ya VA 650 kwa kila kompyuta, inveta (inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) na betri ya maji ya 12V 200Ah (Ah ni ampea-saa, yaani ujazo wa betri), au inveta na betri ya lithiamu ya 12V 100Ah. Wenye uzoefu nisaidieni kabla sijatoa hela.

Fundi_Kihonda
Dada, usiangalie VA, hiyo ni namba kubwa ya kwenye boksi; angalia wati, ndiyo mzigo halisi inaobeba. UPS nyingi za VA 650 zinabeba wati 360 hivi. Ndani mna betri kavu moja ya 12V 7Ah, yaani wati-saa 84. Kompyuta na skrini yake vikila wati 120, hesabu ya daftarini inasema dakika 40. Usiitegemee. Betri ndogo ikinyonywa kwa kasi hiyo haitoi chaji yake yote, na mzunguko wa ndani nao unakula. Weka robo saa, tena betri ikiwa mpya. Huo ni muda wa kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu basi.

Printa ya leza usiichomeke upande wa betri hata siku moja. Inapopasha moto tona inavuta mamia ya wati kwa mkupuo. UPS italia mfululizo na kuzima kila kitu. Fotokopi vivyo hivyo.

Nyakato_Net
Naongezea hapo kwenye taa kufifia, maana ndipo betri nyingi zinapofia. UPS ya bei ya chini kabisa umeme ukishuka inajua jambo moja tu: kuhamia kwenye betri. Jioni nzima inahama na kurudi, na betri haipati nafasi ya kujaa. Tafuta yenye AVR, yaani kirekebisha volteji. Hiyo inapandisha volteji yenyewe bila kugusa betri, utaisikia ikigonga "tak" ndani.

Ukitaka kuijaribu, zima swichi ya soketi, usichomoe plagi ukutani. Ukichomoa unaondoa na waya wa ethi huku vyombo vinafanya kazi.

Kijana_Kigoma
Wakuu, mimi nina UPS nzima, betri yake ndiyo imekufa. Nikiunga betri ya gari ya 100Ah kwa nje si nimepata inveta ya bei poa?

Fundi_Kihonda
Itawaka mdogo wangu, na ndiyo maana wengi wanadanganyika. Chaja ya UPS hiyo inatoa ampea moja hivi. Kujaza 100Ah ni siku nne na zaidi, bila umeme kukatika. Pili, transfoma yake imepimwa kufanya kazi dakika chache, ukiipa saa tatu inachemka hadi plastiki inanuka. Na betri ya gari imeundwa kupiga stata, haipendi kukamuliwa hadi chini. Nunua betri ya saizi ileile, basi.

BiLikoni
Salamu kutoka Mombasa. Mimi niko na saiba, na huku joto ndilo adui. Betri ya risasi, kama hiyo ya maji na ile kavu ya UPS, hupimwa kwa nyuzi 25. Kila nyuzi 10 zikiongezeka, maisha yake hupungua karibu nusu.

Dada, usiogope kuona 200 na 100. Betri ya risasi ukitaka idumu unatumia nusu tu: wati-saa 1,200. Ya lithiamu unatumia asilimia 80 hadi 90, yaani wati-saa 1,000 na kitu. Kwa hiyo ziko karibu sawa, na kompyuta zako mbili na ruta utaziendesha takriban saa nne kwa yoyote kati ya hizo. Tofauti ni umri: ya risasi huhesabu mizunguko ya kujaa na kuisha kwa mamia, lithiamu kwa maelfu. Pia ya maji hutoa gesi inayoshika moto ikichajiwa, usiifungie kabatini. Mimi kwa duka nachagua lithiamu bila kusita, mradi inveta iwe na mpangilio wa kuichaji.

MamaPrinti_Moro
Ahsanteni sana. Nimeelewa, naenda na lithiamu, na fotokopi ibaki ukutani. Swali moja: umeme ukikatika kompyuta hazitajizima kabla inveta haijashika?

Fundi_Kihonda
Inategemea mpangilio. Inveta nyingi zina hali mbili: APL, ya vyombo vya kawaida vya nyumbani, na UPS, ya kompyuta. Kwenye APL inachukua milisekunde 20 hivi kuhama, kompyuta nyingine zinazima. Weka hali ya UPS, inashuka hadi 10, kompyuta haishtuki.

Siku ya kufunga simama hapohapo uangalie waya. Wati 1,000 kwenye volti 12 ni zaidi ya ampea 80. Waya kati ya betri na inveta uwe mnene na mfupi, na fyuzi ikae karibu kabisa na ncha chanya ya betri. Fundi akikuletea waya wa soketi mwambie arudi nao.