Mama anameza metformini miaka mingi, sasa miguu ina ganzi: ni sukari au ni dawa?

BintiMbagala
Wakuu, habari za jioni. Mama yangu ana miaka 63, ninaishi naye hapa Mbagala Rangi Tatu. Kisukari anacho muda mrefu, anameza metformini za miligramu 500, viwili asubuhi na viwili jioni. Ana omeprazoli pia. Aliandikiwa ya muda mfupi kwa ajili ya kiungulia, lakini ikiisha tunanunua tena duka la dawa. Tangu mwaka jana nyayo zinawaka moto na kufa ganzi, ndala inamvuka njiani hana habari. Ulimi umekuwa mwekundu, laini, hata pilipili kidogo inamuunguza. Sukari ya asubuhi kabla ya kula haizidi 7. Kliniki tunajibiwa "ndiyo kisukari hicho, mama". Jirani anasema dawa zinaweza kumaliza vitamini mwilini. Ni kweli? Naogopa kumwachisha, na kukaa kimya naogopa vilevile.

Mfamasia_Temeke
Dada, metformini usimwachishe. Hilo kwanza.

Jirani yako yuko sahihi. Metformini hupunguza ufyonzaji wa vitamini B12 kwenye sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Omeprazoli inashambulia upande mwingine: B12 ya kwenye nyama na samaki imeshikamana na protini, na asidi ya tumbo ndiyo inayosaidia kuibandua. Ukipunguza asidi miaka na miaka, kinachobanduka ni kidogo. Mama anazo zote mbili, na dozi yake ya metformini si ndogo.

Tatizo linachelewa kuonekana kwa sababu ini huweka akiba ya B12 ya miaka kadhaa. Akiba ikiisha ndipo ganzi inaanza, na ganzi hiyo inafanana kabisa na ya kisukari. Huwezi kuzitofautisha kwa kumwangalia mgonjwa. Huo ulimi ndio unanitia wasiwasi zaidi, kwa sababu kisukari peke yake si kawaida kuufanya hivyo.

Ombeni kipimo cha B12 kwenye damu. Wakipima wingi wa damu tu wakasema iko sawa, msiridhike: neva zinaweza kuharibika kabla damu haijapungua. Na msianze sindano za B12 wala vidonge vya neva vyenye B12 kabla ya kipimo, majibu yatapanda na ukweli utafichika. Lakini msikawie, neva ikikaa muda mrefu bila B12 huenda isirudi ilivyokuwa.

Anakula nini?

BintiMbagala
Asante sana kaka. Ugali wa dona, mchicha, maharage. Nyama aliacha, aliambiwa ina madhara kwa mgonjwa wa sukari. Mchicha ndio tulitegemea kwa vitamini.

Mfamasia_Temeke
Mchicha una foleti, vitamini nyingine, B12 hauna. Hiyo inatoka kwa wanyama: dagaa, samaki, mayai, maziwa, maini. Dagaa wa kawaida wa sokoni wanafaa sana, na sukari hawapandishi. Ila akiba ikishaisha chakula pekee hakitoshi, atahitaji sindano au vidonge vya dozi kubwa, daktari ataamua. Mwulizeni pia kama omeprazoli bado ina kazi. Dawa hii wengi hubaki nayo kwa mazoea.

Mzee wa Tandika
Mimi nina presha, natumia dawa ya kukojosha maji. Usiku misuli ya shavu la mguu inakaza hadi napiga kelele. Na mimi ni vitamini?

Mfamasia_Temeke
Shikamoo mzee. Kwako ningeanza na madini. Dawa nyingi za kukojosha hutoa potasiamu na magnesiamu kwenye mkojo, na upungufu wake unaweza kukaza misuli na hata kuvuruga mapigo ya moyo. Pima damu kwanza. Usijinunulie vidonge vya potasiamu, hasa kama unameza na losatani au enalaprili za presha, maana hizo huibakiza potasiamu mwilini, na ikizidi ni hatari kwa moyo.

Mzee wa Tandika
Marahaba. Losatani ninayo. Asubuhi nakwenda kupima.

BintiMbagala
Kliniki ya mama ni Jumanne. Nabeba pakiti zote, na ile omeprazoli ya dukani, maana kwenye kadi yake haimo.