Naomba ushauri: wanajenga nyumba 40 juu ya mlima, sisi tuko chini yake

MamaKilimani:
Wakuu, habari za jioni. Naishi Mwanza, nyumba yangu iko chini kabisa ya mlima wa mawe. Juu yetu kampuni moja inataka kujenga nyumba 40 za kuuza. Wiki ijayo tuna mkutano wa mtaa kutoa maoni kuhusu tathmini ya athari kwa mazingira, na mwenyekiti amenipa ripoti niwasomee wenzangu. Nimeisoma mara mbili. Ina picha nyingi za bustani, lakini kuhusu maji ya mvua kuna sentensi moja tu: "yatashughulikiwa ipasavyo".

Katapila limeshachonga barabara. Mvua ya Jumamosi ilileta tope jekundu hadi kizingitini, nikazoa ndoo sita. Mlango wa jikoni sasa unagoma kufunga, na ukutani kuna ufa mpya. Sina nia ya kumzuia mtu kujenga, ila wanangu watatu wanalala chumba cha nyuma, upande wa mlima. Niulize nini?

FundiMawe:
Pole sana dada. Nimejenga vilima vya huku huku miaka mingi. Anza na majabali. Jiwe kubwa kama nyumba unaloliona limetulia, mara nyingi limeshikwa na vijiwe na udongo chini yake. Hizo ndizo kabari zake. Mponda kokoto akichomoa vijiwe, au maji yakibeba udongo, jiwe linashuka. Ripoti ioneshe kila jabali lililo juu yenu: lipi litavunjwa, lipi litaachwa, na litashikiliwa na nini.

Halafu kuta za kuzuia udongo. Ukuta usio na matundu ya kutolea maji, wala kokoto nyuma yake, unageuka bwawa. Maji yakijaa huko nyuma yanausukuma mpaka unalala. Waoneshe kwenye mchoro, wasikuambie kwa mdomo.

Nyanda:
Nina ndugu Katesh. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliua watu zaidi ya 80. Serikali ilieleza kuwa sehemu yenye miamba dhaifu ilinyonya maji, ikameguka. Mama, usikubali mkutano uishe bila ripoti ya mtaalamu wa jiolojia aliyechimba na kupima udongo wa mlima wenu wenyewe.

MpimaArdhi:
Hakuna aliyetaja majitaka. Nyumba 40 zenye mashimo ya kuzamisha majitaka ardhini zinaulowesha mlima kiangazi na masika, hata mvua isiponyesha. Hapo hapo Mwanza mitaa ya vilimani, Igogo ikiwemo, imeunganishwa na mabomba ya majitaka, kwa hiyo wasiwaambie haiwezekani. Uliza pia mifereji ya mvua inamwagia wapi. Fuata mstari kwenye ramani kwa kidole mpaka mwisho. Ukiishia nyuma ya jikoni yako, umepata hoja yako kuu.

Kuhusu katapila: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira kipatikane kabla mradi haujaanza. Kama hawana, andikeni barua NEMC (baraza la taifa la usimamizi wa mazingira), nakala kwa afisa mazingira wa halmashauri, mkiambatisha picha zenye tarehe. Na mkutanoni hakikisheni maoni yenu yameingia kwenye muhtasari kabla hamjasaini mahudhurio.

MamaKilimani:
Asanteni mno. Kidole changu kimeishia kwa jirani yangu bibi mjane, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Na huu ufa nifanyeje?

FundiMawe:
Paka plasta nyembamba ya saruji kukatiza ufa, sehemu mbili, andika tarehe. Ikikatika, nyumba inatembea, ita mhandisi. Ila watoto watoe chumba kile leo, usisubiri plasta.

MamaKilimani:
Nimewahamishia sebuleni, magodoro chini. Plasta nimepaka. Kesho saa moja asubuhi napanda na mwenyekiti kupiga picha majabali, tukishuka tunapitia kwa bibi.